Akili Isiyotulia na Nchi ya Malisho

Historia ya mataifa husimuliwa kwa vita na wafalme. Lakini iko historia nyingine, isiyo na kishindo, nayo ni historia ya majina tunayowapa wenzetu. Mtu mwenye tabia moja huitwa mtundu katika karne hii, mpotovu katika karne ile, mgonjwa katika karne nyingine, na pengine, mahali fulani, huitwa hodari. Tabia ni ile ile. Jina ndilo lililobadilika, na jina likibadilika hubadilika pia malipo ambayo mtu huyo hupewa na watu: kiboko, kicheko, dawa au sifa. Nakualika, msomaji, tuifuate historia ya jina moja la namna hiyo kutoka miji ya Ulaya mpaka nyanda kavu za kaskazini mwa Kenya, na mwisho mpaka Sangailu, katika kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Jina lenyewe ni upungufu wa umakini.

Kwanza yafaa tupambanue maana. Hapana mtu asiyesahau, wala hapana mwanafunzi ambaye hajapata kusoma ukurasa mzima akafika mwisho bila kujua alichosoma. Hilo si ugonjwa. Upungufu wa umakini wanaousema matabibu ni hali iliyoanza utotoni, kabla ya umri wa miaka 12. Huonekana mahali zaidi ya pamoja, kama vile nyumbani na shuleni, au kazini na sokoni. Tena humdhuru mwenyewe katika masomo, kazi au ujamaa wake. Ina sura mbili. Sura ya kwanza ni kushindwa kuishikilia akili juu ya jambo moja hata likamalizika: kupoteza vitu, kusahau ahadi, kuanza kazi kumi na kumaliza moja. Sura ya pili ni utukutu wa viungo na pupa ya maneno na vitendo. Wengine wana sura moja, wengine wanazo zote mbili.

Wala usidhani kuwa hali hii ni ujinga. Mtu mwenye upungufu wa umakini huweza kuwa na akili nyepesi kama ya mtu mwingine yeyote, au hata kushinda wengi. Umakini anao, ila hautii amri yake. Mtu yule yule anayeshindwa kukaa robo saa na daftari la hesabu za duka huweza kushinda mchana kutwa akitengeneza redio mbovu, asikumbuke chakula wala maji. Hiyo ndiyo sababu majirani humshuku. Husema, "Anaweza akitaka." Neno hilo fupi, "akitaka", limewaumiza wengi kuliko kiboko, kwa kuwa kiboko hupiga mwili, na neno hilo huipiga nia ya mtu na kumfanya aamini kwamba ana moyo mbaya.

Sasa na tutazame jinsi jina lilivyozaliwa. Katika mwaka wa 1775 tabibu Mjerumani, Melchior Adam Weikard, alichapisha kitabu ambamo aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza fikira zao. Katika tiba alizozishauri zilikuwamo kuoga maji ya baridi na kupanda farasi. Miaka 23 baadaye, mwaka 1798, tabibu wa Uskochi, Alexander Crichton, ambaye baadaye alimtumikia mfalme wa Urusi, alitoa kitabu juu ya maradhi ya akili, na sura moja nzima aliitenga kwa ajili ya umakini. Alisema kwamba mtu aweza kuzaliwa na udhaifu huu au kuupata kwa maradhi. Na kwamba anayezaliwa nao hudhihirika mapema, hasa anapopelekwa kujifunza. Kisha akaongeza neno la faraja: kwamba kwa bahati njema udhaifu huu kwa kawaida hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Lishike neno hilo la mwisho, msomaji, maana lilitawala fikira za matabibu kwa muda wa miaka karibu 200. Katika miaka ya 1840 tabibu wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alimtungia mwanawe kitabu cha picha na mashairi, na ndani yake yumo mtoto asiyeweza kutulia mezani na mwingine anayekwenda akitazama juu mpaka akatumbukia majini. Katika mwaka wa 1902, George Still, tabibu wa watoto, alisimama mbele ya chuo cha matabibu mjini London akatoa mihadhara mitatu juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Na yeye aliiona hali hiyo kuwa kasoro katika uwezo wa kujitawala kimaadili. Baada ya mwaka 1917 ukazuka ugonjwa wa uvimbe wa ubongo ulioleta usingizi mzito, na watoto wengi waliopona walibadilika tabia, wakawa hawatulii. Hapo matabibu wakaanza kuamini kwamba chanzo cha utukutu chaweza kuwa ubongo, wala si malezi mabaya.

Mwaka 1937, Charles Bradley, aliyekuwa akitibu watoto katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, ambayo ni ya jamii ya amfetamini. Dawa hiyo humchangamsha mtu mzima aliyechoka. Lakini ajabu ni kwamba wengi wa watoto wale walitulia na wakafanya vizuri zaidi darasani. Mwaka 1944, Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ya namna hiyo, akaiita Ritalin kwa jina la mkewe, Rita. Nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1954. Mwaka 1968 kitabu cha matabibu wa akili wa Marekani kiliiandika hali hii kuwa utukutu wa utotoni. Mwaka 1980 kikabadili jina, kikasema ni upungufu wa umakini. Na mwaka 1987 kikaunganisha umakini na utukutu katika jina moja.

Tazama basi: tangu mwaka 1798 mpaka baada ya nusu ya karne ya ishirini, karibu kila aliyeandika juu ya hali hii aliandika juu ya watoto. Na watoto wale walikwenda wapi? Walikua. Wakawa mabaharia, wakulima, wake, waume, makarani na walimu. Kwa kuwa vitabu vilisema kwamba hali hupungua kwa umri, yule ambaye haikumwondokea hakuwa na jina tena isipokuwa majina ya aibu: mzembe, mropokaji, mvunja ahadi.

Wa kwanza kulisimamia jambo hili kwa nguvu alikuwa Paul Wender wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1976 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima na kuwatibu watu wazima waliokuwa na hali hii tangu utotoni, wakaonyesha kwamba dawa zilizowafaa watoto ziliwafaa wengi wao pia. Kitabu cha matabibu wa Marekani cha mwaka 1980 kiliwapa watu wazima mlango mdogo, kwa kukiri kwamba masalia ya hali hii huweza kubaki ukubwani. Uingereza ilitoa mwongozo wa kuwatibu watu wazima mwaka 2008. Na toleo la mwaka 2013 la kitabu cha Marekani lilipunguza idadi ya dalili zinazotakiwa kwa mtu mzima kutoka 6 hadi 5. Leo inakadiriwa kwamba watu wazima 2 au 3 katika kila 100 wana hali hii.

Ukubwani hali hubadili vazi. Miguu iliyokuwa ikikimbia huketi, lakini fikira zinaendelea kukimbia ndani. Mtu hukopa na kusahau kulipa, si kwa udanganyifu bali kwa kutokumbuka. Kisha mwenye mali humwita mwizi. Hujitolea kwa moyo wote mbele ya wazee, na siku ya kazi ikifika hayuko. Huacha ajira kabla hajapata nyingine. Akiendesha chombo barabarani yumo katika hatari ya ajali zaidi ya wenzake. Nyumbani mke au mume huchoka kuwa kumbukumbu ya watu wawili. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kitanda hiki wengi wamekilalia maisha yao yote wakidhani kwamba kunguni ni dhambi zao wenyewe.

Hadi hapa historia yetu imekaa Ulaya na Marekani, na msomaji wa Garissa ana haki ya kuuliza: jambo hili latuhusu nini sisi? Jibu lilitoka katika nchi yetu wenyewe, tena kwa wafugaji.

Katika nyanda zinazouzunguka mlima Marsabit wanaishi Waariaal, watu ambao asili yao ni mchanganyiko wa Wasamburu na Warendille. Kwa Wasamburu wamerithi ng'ombe, kwa Warendille wamerithi ngamia. Na lugha ya Kirendille, kama ujuavyo, ni jamaa ya karibu ya Kisomali. Baadhi yao wangali wakihama na mifugo. Baadhi wamekwisha kukaa mahali pamoja, wakalima na kufanya biashara. Wataalamu wanne, Dan Eisenberg, Benjamin Campbell, Peter Gray na Michael Sorenson, waliwachunguza wanaume wa Ariaal wapatao 150, wale wanaohama na wale waliotulia, na matokeo yao yakachapishwa mwezi wa Juni mwaka 2008.

Jambo walilolitafuta lilikuwa hili. Katika ubongo iko kemikali iitwayo dopamini, inayohusika na hamu, na furaha ya kupata, na kuelekeza umakini. Ili dopamini ifanye kazi lazima ipokewe. Na mojawapo ya vipokezi vyake hujengwa kwa maagizo ya jeni iitwayo DRD4. Jeni hiyo haina umbo moja kwa watu wote. Liko umbo lake moja refu ambalo uchunguzi wa mwaka 1996 ulilihusisha na tabia ya kupenda mambo mapya, na uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo ukalihusisha na upungufu wa umakini. Tena mwaka 1999 wataalamu waliolinganisha watu wa mataifa mengi walieleza kwamba maumbo marefu ya jeni hiyo huonekana zaidi katika jamii ambazo mababu zao walihama safari ndefu.

Eisenberg na wenzake wakauliza: je, umbo hilo refu humfaa nani na humdhuru nani? Hawakuwauliza wanaume wale juu ya tabia zao. Walipima miili yao, yaani uzito kwa kulinganisha na kimo, na wingi wa misuli, maana katika nchi ya ukame mwili wenye nyama ni ushahidi wa maisha yanayokwenda vizuri. Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Miongoni mwa wanaohama, wenye umbo refu la jeni walikuwa na lishe bora kuliko wenzao. Miongoni mwa waliotulia mambo yalipinduka: wenye umbo lile lile walikuwa na lishe duni kuliko wenzao. Kabila moja, jeni moja, nchi moja. Ila maisha ni mawili, na matokeo yakawa mawili.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu kama mwanahistoria apasavyo. Uchunguzi huo haukusema kwamba wafugaji ni wagonjwa, wala kwamba wanaume wale walipimwa upungufu wa umakini. Jeni moja haifanyi tabia ya mtu. Jeni zinazochangia hali hii ni nyingi, na kila moja mchango wake ni mdogo. Idadi ya waliopimwa haikuwa kubwa. Lakini uchunguzi huo umetupa fundisho ambalo vitabu vya Ulaya havikulifikiria vya kutosha: kwamba haitoshi kuuliza mtu ana nini, bali lazima pia kuuliza yuko wapi, na maisha yanamdai nini.

Kwa fundisho hilo mkononi, twende sasa Sangailu. Nchi hiyo ni tambarare ya vichaka, ambayo upande wa kusini inaelekea msitu wa Boni, makao ya Waaweer, watu wa uwindaji na asali. Katika mbuga zile za mpakani huishi pia swala adimu aitwaye hirola. Wenyeji walio wengi ni Wasomali, wafugaji wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Mwaka wao hauhesabiwi kwa kalenda ya ukutani bali kwa mvua: mvua kubwa ya gu kuanzia mwezi wa Aprili, mvua ndogo ya deyr kuanzia Oktoba, na kati yao kiangazi, ambacho kikali kupita vyote ni jilaal, kinachoanza baada ya mwaka mpya na kukausha silanga moja baada ya nyingine.

Katika maisha hayo iko kazi ambayo kwa Kisomali huitwa sahan. Kabla ya jamaa kuhamisha boma, mtu mmoja au wawili hutangulizwa kwenda kuitazama nchi iliyo mbele. Mtu wa sahan hutembea siku kadhaa na macho yake hayapumziki. Huangalia majani yameota wapi, maji yamesimama wapi, kama kuna mbung'o au kupe, kama kuna nyayo za simba au za watu wasiojulikana, na wingu limesimama upande gani. Hapo jicho linaloitwa na kila kitu kipya si kasoro, ni mali. Na mtu ambaye hawezi kuketi kivulini muda mrefu ndiye afaaye kutumwa.

Lakini tusiyapambe maisha ya kuhama kama watu wa mijini wafanyavyo. Mtu wa sahan lazima arudi na kueleza alichokiona, kitu kwa kitu, mbele ya wazee watakaomuuliza kwa urefu. Akisahau kisima kimoja, au akisema kina maji ilhali kimekauka, mifugo itakufa njiani. Kadhalika mchungaji lazima ahesabu wanyama jioni na kumjua aliyekosekana kwa rangi na kwa jina. Kunywesha ngamia kisimani, zamu kwa zamu, ndoo kwa ndoo, ni kazi ya subira. Kwa hiyo nyika haikumponya mwenye akili isiyotulia. Ilimfanyia mambo mawili tu: ilimpa baadhi ya kazi zinazopatana na maumbile yake, na haikumwacha peke yake katika kazi zisizopatana nayo. Aliyesahau kuhesabu alikuwa na ndugu aliyehesabu. Na ile desturi ya Wasomali ya kuulizana habari kwa utaratibu kila wanapokutana, habari za mvua, za mifugo, za watu na za amani, ilikuwa kama daftari la watu wote, lililoandikwa hewani na kusomwa kila siku.

Maisha hayo hayakubadilika kwa hiari ya wafugaji peke yao, na hapa historia ya akili inakutana na historia ya serikali. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na mpaka mpya ukapita katikati ya malisho ya watu wa jamaa moja. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliwapa watawala mamlaka ya kuzuia watu wa kaskazini kutoka eneo moja kwenda jingine bila ruhusa. Baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963 vilifuata vita vya Shifta, vilivyodumu mpaka 1967. Na katika vita hivyo serikali iliwakusanya wafugaji wengi katika vijiji vilivyolindwa, ambako mifugo ilikosa malisho, ikafa. Hali ya hatari katika mkoa wa Kaskazini Mashariki haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kabla ya hapo, hati ya serikali ya mwaka 1965 juu ya uchumi ilikuwa imeshauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza penye rutuba na faida ya haraka. Na kwa hiyo shule na hospitali zilichelewa kufika kaskazini. Juu ya hayo yote ukaja ukame, mmoja nyuma ya mwingine. Na kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo isiyo na idadi ikaangamia.

Mtu aliyekuwa na ng'ombe 60 akibakiwa na 3, hahami tena. Huja kukaa kando ya barabara au karibu na kisima cha mashine. Hufungua kibanda, huwa mlinzi, hubeba abiria kwa pikipiki, hupanga foleni ya msaada; na watoto wake huingia shule. Kila moja katika kazi hizo lina madai mapya: tarehe, saa, risiti, fomu, daftari, kipindi cha dakika 40 na kimya. Mtu ni yule yule, na akili ni ile ile; ila nchi chini ya miguu yake imegeuka. Kumbuka wanaume wa Ariaal. Sifa iliyomlisha baba katika sahan yaweza kumnyima mwana chakula mjini, na wote wawili hawajatenda kosa lolote.

Pana hatari moja ya mahali petu ambayo lazima itajwe. Miraa kutoka Meru hufika Garissa kila siku, na wengi huitafuna ili wasilale: madereva, walinzi, na hata wanafunzi wakati wa mtihani. Ndani ya miraa mbichi imo kemikali ya kathinoni, ambayo ni ndugu wa amfetamini. Umekwisha kusoma habari za Bradley, na pengine utasema: basi miraa ni dawa. Sivyo. Dawa ya tabibu hupimwa kwa miligramu, hupewa mtu aliyechunguzwa, na huangaliwa moyo wake, usingizi wake na uzito wake. Miraa haina kipimo. Huiba usingizi na hamu ya chakula, humaliza fedha, na huacha nyuma yake uchovu na huzuni. Mtu asiyetulia akiambiwa maisha yake yote kwamba ni mvivu, ni rahisi kwake kulipenda jani linalomtuliza kwa saa chache. Na kesho yake umakini alioukopa hudaiwa pamoja na riba.

Ni nini basi kinachomfaa mtu mzima mwenye hali hii? Kwanza ni kuchunguzwa na tabibu anayeijua, ajapokuwa mbali. Hospitali ya akili ya Mathari jijini Nairobi ilianzishwa mwaka 1910, na watu wa kaskazini wamelazimika mara nyingi kusafiri mamia ya kilomita kutafuta msaada wa namna hiyo. Dawa huwasaidia wengi, si wote. Pili ni kuyapanga maisha yawe na vikumbusho nje ya kichwa. Mwislamu wa Sangailu anayo tayari saa iliyo bora: adhana tano za siku. Mwenye kufunga kazi yake katika adhana, kwamba deni litaandikwa kabla ya adhuhuri na mbuzi wataangaliwa baada ya alasiri, ana kamba tano za kushikia siku yake. Tatu ni kuigawa kazi kubwa vipande. Katika duksi mtoto hakupewa msahafu mzima kwa mara moja. Aliandika aya chache juu ya ubao, akazisoma kwa sauti huku mwili ukitikisika, akazihifadhi, akauosha ubao, ndipo akaandika nyingine. Hekima hiyo yafaa hata kwa karani na mwenye duka. Nne ni mwenzi: mtu wa kufanya naye hesabu, kama vile mtu wa sahan alivyokuwa na wazee wa kumuuliza.

Serikali nayo imeanza kujifunza kwamba yapasa shule imfuate mtu. Mwaka 2009 Kenya ilitangaza sera ya elimu kwa wahamaji, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikaunda baraza la kitaifa la elimu hiyo. Shule inayohama na boma ilibuniwa kwa ajili ya mifugo na malisho, si kwa ajili ya ubongo. Lakini fikira iliyo ndani yake ni ile ile tunayoitafuta, yaani kuuliza namna gani mwanafunzi huyu anaweza kujifunza kabla ya kuamua kwamba hawezi. Na sisi walimu, ambao kazi yetu ni kuwatuliza watoto 50 katika chumba kimoja chenye joto, tunaihitaji fikira hiyo kuliko chaki.

Ewe msomaji, huenda wewe ni mmojawapo wa wale ambao wameusoma ukurasa huu mara tatu kwa kuwa macho yalikwenda mbele na akili ikabaki nyuma. Ikiwa ni hivyo, ujue kwamba watu wa namna yako waliandikwa katika vitabu tangu mwaka 1775, wakapotezwa katika vitabu walipokua, kisha wakapatikana tena. Hali yako si ruhusa ya kuvunja ahadi. Mwenye mguu mfupi naye hana budi kufika, ila ana haki ya kuchukua fimbo. Tafuta fimbo yako mapema, wala usione haya kuishika mbele ya watu.

Na ikiwa wewe ni mwenye akili inayotii, basi yuko karibu nawe, darasani au nyumbani, mjomba au shangazi asiyemaliza anachokianza. Kabla hujasema kwamba angeweza akitaka, mpe kazi moja badala ya kumi, mwandikie siku ya miadi, na muulize jioni amefika wapi, bila kejeli. Jina utakalompa litakaa naye muda mrefu, pengine maisha yake yote. Lichague kwa uangalifu ule ule ambao wazee wa nyika walichagua mtu wa kumtanguliza kutafuta maji.